Tangazo la Jemulpo na aliyeshika brashi

Februari 2026 imetimia miaka 140 tangu gazeti la serikali ya Korea, Hanseong Jubo, lichapishe tangazo ambalo wanahistoria wa matangazo nchini humo hulihesabu kuwa la kwanza. Mwenye tangazo hakuwa Mkorea. Ni E. Meyer & Co., kampuni ya Hamburg, Ujerumani, iliyofungua biashara Jemulpo, bandari ya Incheon, mwaka 1884. Wakorea waliiita Sechang Yanghaeng.

Habari za kufunguliwa kwa bandari zinajulikana: mkataba na Japani mwaka 1876, Incheon mwaka 1883, Wajerumani nyuma ya Wajapani. La kusomwa taratibu ni tangazo lenyewe, la Februari 22, 1886. Linaanza na vitu ambavyo kampuni inanunua: ngozi za chui milia na fisimaji, nywele za binadamu, pembe za ng'ombe, sarafu za kale. Ndipo linataja inavyouza: saa za kengele, visanduku vya muziki, taa, vifungo, sindano, viberiti. Kisha inatolewa ahadi: hata akija mtoto au mzee, hatapunjwa. Mnunuzi anaombwa aitazame alama ya kampuni, asije akakosea.

Yote hayo yako katika maandishi ya Kichina cha kale, waliyosoma wasomi na maofisa wa Korea. Ni vigumu kuamini kwamba mgeni wa Hamburg aliyatunga peke yake. Ahadi ile kuhusu mtoto na mzee ina sauti ya mtu aliyejua wateja wanaogopa nini mbele ya duka la wageni. Meyer, mwenye kampuni, anakumbukwa, hata akawa konsuli wa Korea huko Hamburg. Aliyeshika brashi hatajwi popote kwenye tangazo, na hilo ni deni ambalo historia ya biashara haijalilipa.

Ukoloni wa Japani, 1910 hadi 1945, uliwapa Wajapani nafasi ya mbele katika biashara hiyo ya bidhaa za kigeni. Ulipokwisha, bidhaa hizo zilipitia kwa mawakala Wakorea waliotafuta wanunuzi na kuandaa hati za bei. Mwaka 1970 waliunda chama chao.

Hitaji la mtu anayemjua mteja lilionekana tena soko la rejareja la Korea lilipofunguliwa kwa wageni mwaka 1996: Carrefour iliingia, na Walmart ikafuata mwaka 1998. Zote mbili ziliondoka mwaka 2006. Walmart iliuza maduka yake 16 kwa Shinsegae, kampuni ya Korea yenyewe. Wakosoaji walisema rafu zilikuwa ndefu mno na mpangilio ulifanana na ghala, ilhali mama wa Seoul alitaka samaki na mboga mbichi. Tesco ya Uingereza ilishirikiana na Samsung mwaka 1999, ikawaachia Wakorea uongozi wa maduka ya Homeplus, ikadumu hadi ilipoyauza mwaka 2015.