Hesabu ya Kofia ya Vitobo

Kofia ya mkono ya Lamu na Unguja ina vipande viwili tu: duara la juu na mkanda wa pembeni. Uzuri wake wote umo katika kuvilinganisha. Kichwa cha sentimita 57 kinataka duara la takriban sentimita 18. Likizidi kidogo tu, kitambaa hufanya mikunjo. Ua la mkandani nalo lazima ligawanyike sawasawa. Likiwa na upana wa sentimita 9.5, litakaa mara 6 na kuungana vizuri nyuma. Likiwa la 10, la mwisho litakatwa katikati, na jicho la mvaaji halitasamehe.

Mchoro huwekwa kwa penseli juu ya kitambaa cheupe. Kisha hutobolewa kitobo kimoja kimoja, na kila kimoja huzungushiwa uzi mpaka ukingo wake uwe mgumu. Kazi ya kofia moja huchukua majuma, pengine miezi. Vitobo hivyo si pambo tupu: hupitisha upepo, jambo la maana katika joto la pwani.

Jina lake jingine, baraghashia, linakumbusha lile la Sultan Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888. Ng'ambo ya bahari, Oman, kofia ya namna hii huitwa kumma.

Mashine hutoa kofia za bei nafuu, lakini hazifikii ile ya mkono. Ukiuziwa ya mkono, igeuze utazame kazi ya ndani kabla ya kuomba upunguziwe bei.