Anwani ya Dereva Ilipokuwa Bidhaa

Julai 18, 1989, Rebecca Schaeffer, mwigizaji wa miaka 21 aliyevuma kwa tamthilia ya televisheni ya My Sister Sam, alifungua mlango wa nyumba yake Los Angeles, akapigwa risasi na kufa. Muuaji alikuwa shabiki aliyemwandama kwa muda mrefu. Anwani aliipata kwa kumlipa mpelelezi binafsi wa Tucson, Arizona, naye mpelelezi aliitoa kwenye kumbukumbu za idara ya magari ya California. Haikuibwa, ilitolewa kwa utaratibu wa kawaida wa ofisi.

California iliziba mwanya huo upesi. Lakini katika majimbo mengi bado ilitosha kunakili namba ya gari barabarani, kwenda kaunta na kulipa ada ndogo, ukapewa jina na makazi ya mwenye gari. Wapinzani wa utoaji mimba waliitumia njia hiyo kuwaandama watu waliofika kwenye kliniki. Wafanyabiashara nao walinunua orodha nzima nzima. Wisconsin pekee ilikuwa ikiingiza takriban dola milioni 8 kwa mwaka.

Ndipo Seneta Barbara Boxer na Mbunge Jim Moran walipolisukuma Bunge la Marekani litunge sheria ya faragha ya madereva. Rais Bill Clinton aliitia saini Septemba 13, 1994, ndani ya sheria kubwa ya kupambana na uhalifu. Anayeikiuka anaweza kushtakiwa na dereva mwenyewe, na mahakama inaweza kumtoza fidia isiyopungua dola 2,500.

South Carolina ilipinga, ikidai madaraka ya majimbo yameingiliwa. Januari 12, 2000, majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu ya Marekani waliikatalia: taarifa zinazouzwa ni bidhaa inayovuka mipaka ya majimbo, hivyo Bunge lina uwezo wa kuidhibiti. Awali dereva ndiye aliyetakiwa kuomba jina lake lisiuzwe kwa watangazaji. Marekebisho ya 1999 yaligeuza kibao, bila ridhaa yake haliuzwi.

Hata hivyo, sheria ina ruhusa 14, zikiwamo za kampuni za bima, mahakama na wapelelezi binafsi wenye leseni. Kila ruhusa yahitaji kusimamiwa kwa macho makali. Anayetaka leseni ya udereva hana hiari ya kuficha anwani yake. Serikali iliyomlazimisha kuitaja imepokea amana, na ni wajibu wake kuilinda na kujibu inapovuja.