Uso Uliokatwa: Mwanga wa Studio na Picha za Usajili Kaskazini mwa Uganda

Kitabu cha Martina Bacigalupo, *Gulu Real Art Studio* (2013), kinahifadhi ushahidi ambao wanahistoria wa picha hawakuutarajia. Mashine ya studio hiyo ilitoa picha nne kwa mkupuo. Mteja aliyehitaji pungufu alipigwa picha ya kawaida, kisha uso ukakatwa. Yaliyobaki ni mikono iliyotulia mapajani, koti la kuazima, mtoto aliyepakatwa. Yaani haiba ilisalia studio, na ofisi ikapokea uso.

Utengano huo huanzia kwenye taa. Picha ya ukumbusho humulikwa kutoka ubavuni, juu kidogo ya macho, ili kivuli kichonge shavu na paji. Kitambulisho hudai mwanga ulio sawa, usio na kivuli. Dai hilo lina sababu zake, lakini kwa ngozi nyeusi halitoshi: kamera hupima wastani wa mwanga, hivyo kitambaa cheupe nyuma ya mtu huihadaa, na uso hutiwa giza. Hapo hata utambulisho wenyewe hupotea.

Suala hili si la kale. Mwaka 2018 wakimbizi kote Uganda walihakikiwa upya kwa alama za mwili, wakiwemo wa Rhino Camp na Lobule, Koboko. Afisa anayepeleka kamera hadi Logiri anahitaji pia taa mbili, au taa moja na kadibodi nyeupe ya kurudisha mwanga, na kitambaa cha nyuma cha kijivu.