Kanisa la Kigothi la Nairobi na desturi ya kimbilio

Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, lililo mkabala na Bustani ya Uhuru, lilichorwa na Temple Moore, msanifu Mwingereza aliyebobea katika mtindo wa Kigothi. Gavana Henry Conway Belfield aliweka jiwe la msingi Februari 3, 1917. Mji uliozaliwa kando ya reli mwaka 1899 ukaanza kujengewa kanisa lenye sura ya karne ya 13. Moore alifariki mwaka 1920, na kazi ikaendelea kwa awamu hadi miaka ya 1950.

Mtindo huo ulianzia Ufaransa. Mwaka 1144 Abate Suger alizindua sehemu mpya ya kanisa la Saint-Denis, kaskazini mwa Paris. Tao lililochongoka husukuma uzito chini zaidi kuliko tao la nusu duara, na dari inapobebwa na mbavu za mawe, mzigo wake hushukia kwenye nguzo chache. Mafundi wa Durham, Uingereza, walikuwa wamekwisha kujaribu mbavu hizo. Saint-Denis ilizikutanisha na matao na mwanga. Kuta zikapunguziwa kazi, zikatobolewa madirisha mapana, na humo vikatiwa vioo vya rangi vyenye visa vya Biblia.

Majengo hayo yalikuwa na kazi nyingine isiyohusu usanii. Nchini Uingereza, aliyetuhumiwa kwa uhalifu aliweza kukimbilia kanisani, na kwa kawaida hakuguswa kwa siku 40. Baada ya hapo alijisalimisha, au aliungama na kuapa kuihama nchi. Durham ilikuwa na pete ya shaba mlangoni ambayo mkimbizi aliigonga. Heshima kwa kanisa haikuzuia kila upanga: mwaka 1170 wapiganaji wanne wa Mfalme Henry wa Pili walimuua Askofu Mkuu Thomas Becket ndani ya kanisa kuu la Canterbury, na mwaka 1174 mfalme akaenda huko kuchapwa viboko kwa toba. Bunge liliifuta haki ya kimbilio miaka ya 1620, kwa hiyo walowezi walipoleta matao Nairobi, sheria iliyoandamana nayo ilikuwa imekufa zamani.

Waliofufua desturi hiyo, bila sheria yoyote nyuma yao, ni akina mama wa Kenya. Mwishoni mwa Februari 1992 walianza mgomo wa kula katika Bustani ya Uhuru, wakiwa na mwanaharakati Wangari Maathai, wakidai wana wao waliofungwa kwa sababu za kisiasa waachiliwe. Machi 3 polisi waliwavamia kwa virungu na mabomu ya machozi. Maathai akapoteza fahamu, na baadhi ya akina mama wakavua nguo, laana nzito kwa vijana waliokuwa wakiwapiga. Walihamia kanisani, ng'ambo ya barabara, wakakaa katika chumba cha chini kwa karibu mwaka mzima, hadi wengi wa wafungwa walipoachiliwa mapema mwaka 1993.

Julai 7, 1997, siku ya Saba Saba, polisi hawakuishia mlangoni. Waliingia wakifukuza waliodai mageuzi ya katiba, wakarusha mabomu ya machozi ndani, na Mchungaji Timothy Njoya wa Kanisa la Presbyterian akapigwa vibaya. Baadaye mwaka huo, kabla ya uchaguzi wa Desemba, Bunge lilipitisha sehemu ya mageuzi yaliyodaiwa.