Amri ya Miezi Sita

Mara nyingi tunasikia mtu akisema: «Nimesoma Kifaransa miaka mitatu, lakini nikikutana na Mfaransa kinywa changu kinafungwa.» Tusimcheke. Amezoea kitabu, na kitabu kinamngoja mtu, watu hawangoji.

Jambo hilo Askofu Lavigerie wa Alger alilifahamu sana. Alipoanzisha shirika la Mapadri Weupe mwaka 1868, aliwataka wavae kama Waarabu wa huko, wale chakula chao, waseme lugha yao. Baadaye akawatuma hata inchi za Maziwa Makubwa, na huko aliwapa amri ngumu: miezi sita ikiisha tangu kufika kwao, waseme lugha ya wenyeji tu, hata wao kwa wao.

Tufikiri kidogo amri hiyo. Wafaransa wawili wamekaa mezani jioni, wamechoka, labda mmoja ana homa, na lugha ya mama zao imekatazwa. Hata kuomba chumvi ni kazi! Bila shaka walikula kimya siku nyingi.

Lakini haikuwa mateso ya bure. Mkalimani anasema jinsi anavyofahamu yeye, na neno moja likipotoka, fundisho linapotoka nalo. Tena Lavigerie alitaka wanaoomba ubatizo wafundishwe na kujaribiwa miaka minne. Padri asiyesikia maneno yao atawajaribu namna gani?

Mapadri wa kwanza waliingia Buganda mwaka 1879. Mkubwa wao, Padri Livinhac, alikusanya maneno na kanuni za Kiganda, hata sarufi yake ikapigwa chapa Paris mwaka 1885. Kwa miaka sita, katika safari na magonjwa, si kazi ndogo.

Aliyemtangulia kufika ni Padri Siméon Lourdel, kijana wa miaka 25, pamoja na Bruda Amans, tarehe 17 Februari. Watu walisikia akiitwa kwa Kifaransa «mon père», maana yake «baba yangu». Nao walijifunza kwa masikio, kama yeye alivyojifunza kwao. Katika vinywa vyao neno likageuka kuwa Mapera. Lourdel alikufa huko mwaka 1890, na Waganda wanamwita Mapera hata leo.