Magavana Wawili wa Wisconsin

Mwanzoni mwa mwaka 1856 watu wa Wisconsin, jimbo lililo kaskazini mwa Marekani, walijikuta wana magavana wawili. Tarehe 7 Januari William Barstow wa Chama cha Demokratiki aliapishwa mjini Madison kwa shangwe na gwaride la askari. Siku iyo hiyo Coles Bashford wa Chama cha Republican, chama kichanga kilichopinga kuenea kwa utumwa, aliapishwa kimya kimya na Jaji Mkuu wa jimbo, Edward Whiton. Mambo yalifikaje hapo?

Wisconsin ilikuwa imeingia katika muungano wa Marekani mwaka 1848. Upande wake wa kaskazini ulikuwa misitu mikubwa yenye wakazi wachache, na habari za huko zilichelewa kufika mji mkuu. Umbali huo uliwapa mwanya wenye hila. Baada ya uchaguzi wa Novemba 1855, halmashauri ya kuhakiki kura, iliyokuwa ya watu wa chama cha Barstow, ilitangaza kwamba Barstow, aliyekuwa tayari gavana, ameshinda kwa kura 157 tu kati ya zaidi ya 72,000. Lakini njia ya mwongo ni fupi. Ilidhihirika kuwa baadhi ya hati za matokeo zilighushiwa, nyingine zikidaiwa kutoka vituo ambavyo havikuwapo kabisa.

Shauri likafikishwa mbele ya Mahakama Kuu ya jimbo. Barstow alidai kwamba mahakama haina mamlaka ya kumhoji mkuu wa serikali. Majaji walikataa: hati ya halmashauri ni ushahidi tu, kinachompa mtu cheo ni kura za wananchi. Hapa sisi walimu wa lugha hatuna budi kuwakumbusha wanafunzi wetu tofauti ya vitenzi viwili: kutangazwa si kuchaguliwa.

Tarehe 21 Machi Barstow alijiuzulu, na naibu wake, Arthur MacArthur, akashika nafasi yake. Siku tatu baadaye mahakama iliamua kuwa Bashford ndiye mshindi, kwa kura 1,009. Kesho yake Bashford aliingia ofisini. MacArthur akamwuliza iwapo atatumia nguvu. Akajibiwa kuwa ikibidi, zitatumika. MacArthur akaondoka, na damu haikumwagika.

Tungependa kisa kiishie hapo, lakini historia haikutuandikia hadithi ya watoto. Mwaka 1858 uchunguzi wa bunge la jimbo ulifichua kwamba Bashford, alipokuwa gavana, alipokea kutoka kampuni ya reli hati za dhamana za dola 50,000, baada ya kampuni hiyo kupewa ardhi ya umma. Mahakama ilimrudishia kiti kilichokuwa chake kwa haki. Uadilifu wa kukikalia haikuweza kumpa. Kura iliyohesabiwa sawasawa humweka mtu madarakani, lakini haimwondolei mwananchi wajibu wa kumwangalia.