Kanisa kuu la Mtakatifu Petro, Likoma

Kanisa kuu la Mtakatifu Petro ni kanisa la Kianglikana kwenye kisiwa cha Likoma, katika Ziwa Nyasa. Kisiwa hicho ni sehemu ya Malawi, ingawa kiko karibu na pwani ya Msumbiji. Ni kati ya makanisa makubwa zaidi ya Afrika ya Kati.

Historia

Kanisa lilijengwa na UMCA, shirika la wamisionari lililoanzishwa baada ya hotuba ya David Livingstone huko Cambridge mwaka 1857. Kutoka Zanzibar shirika hilo lilirudi ziwani na kufanya Likoma makao yake mwaka 1885. Kisiwa kilichaguliwa kwa sababu kilikuwa salama zaidi kuliko pwani ya mashariki, iliyosumbuliwa na mashambulizi ya Wangoni na biashara ya watumwa.

Ujenzi ulianza mwaka 1903, na kanisa likawekwa wakfu mwaka 1911. Lilisimamishwa mahali ambapo zamani watu walioshtakiwa uchawi walichomwa moto. Vivyo hivyo, kanisa la UMCA la Mkunazini, Zanzibar, lilijengwa penye soko la watumwa.

Usanifu

Msanifu alikuwa mmisionari Frank George. Ramani yake ni ya msalaba, kama makanisa makuu ya Uingereza ya Zama za Kati. Kuta ni za mawe ya kisiwani na matofali. Paa ni la mabati. Ndani kuna vioo vya rangi, nakshi za mawe laini, na msalaba uliochongwa kwa mbao za mti wa Chitambo, Zambia, ulipozikwa moyo wa Livingstone.

Mara nyingi husemwa kwamba linalingana na kanisa kuu la Winchester, lililoanza kujengwa mwaka 1079. Hata hivyo urefu wake unakaribia mita 100, wakati lile la Winchester lina takriban mita 170.

Uhusiano na Tanzania

Upande wa kaskazini wa ziwa, katika Kyela ya leo, injili ilihubiriwa na Wamoraviani na Walutheri Wajerumani, waliofika Unyakyusa mwaka 1891. Pwani ya mashariki, pamoja na Liuli, ilihudumiwa kutoka Likoma kwa meli, kama vile Chauncy Maples, iliyoshushwa majini mwaka 1901. Mmisionari William Percival Johnson, aliyezunguka ziwa kwa miaka mingi, alifariki mwaka 1928 na kuzikwa Liuli. Dayosisi ya Kusini-Magharibi ya Tanganyika ilianzishwa mwaka 1952.